Rula Kaa Pembeni: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Skechi za Mkono Mtupu kwa Wanafunzi wa Droingi

Kila muhula lazima nipate mwalimu mmoja au wawili wananiuliza swali lile lile. Wanafunzi wangu wakiwa na ti-skwea na seti skwea (vifaa vya kunyooshea mistari) wako vizuri kabisa, ila ukiwaambia chora kwa mkono mtupu wanageuka chekechea, mistari inatetemeka, mduara unakuwa kiazi, boksi linaonekana kama limekanyagwa na lori. Nifanyeje?

Jibu langu ni acha kuhangaika na mkono unaotetemeka, tatizo liko kwenye jicho. Mstari unaotetemeka kidogo hauui skechi hata siku moja, kinachoua ni uwiano, yani kitu ambacho urefu wake ni mara mbili ya kimo kinachorwa kama mchemraba, shimo linakuwa kubwa kuliko ukuta uliolibeba. Na kosa kubwa ni la kwetu sisi walimu, tunamnyang'anya mtoto rula afu hatumpi kitu kingine cha kushika badala yake. Huu mwongozo ni wa kumpa hicho kitu.

Mimi nautumia kidato cha pili lakini hata cha kwanza unaenda. Hatua moja kwa vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Ukiwa na darasa la watu hamsini na kitu, hatua ya 4 na ya 6 zipe wiki mbili mbili, usikimbie.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Penseli HB mbili kila mwanafunzi. Moja ichongwe kali ya mistari hafifu, nyingine butu kidogo ya kukolezea. Kama kuna mwenye 2H, ile ngumu zaidi, sawa, ila usiwatume watoto dukani kutafuta 2H kwa ajili ya skechi, HB inatosha ukijua kupunguza nguvu ya mkono.

Kichongeo au wembe, na kipande cha msasa laini. Msasa ni wa kunoa ncha bila kuimaliza penseli. Wembe ukitumika ukae kwa mwalimu.

Karatasi nyeupe zisizo na mistari. Sio lazima mpya, migongo ya karatasi za majaribio ya zamani inafaa kabisa, tena ni bora zaidi maana mtoto haogopi kuharibu. Karatasi nzuri ya droingi inamkaza mtu mkono.

Daftari la hesabu la viboksi, vile vya nusu sentimita.

Viberiti, angalau kimoja kwa wanafunzi wawili.

Sabuni ya mche mche mmoja au miwili, na kisu. Hii ndo maabara yetu, utaona mbele.

Bolti na nati zake kubwa kubwa, omba karakana.

Raba moja tu, inakaa mezani kwako. Rula zote zinakaa kwenye mabegi.

## Hatua ya 1: Mkono, penseli na karatasi

Kwenye bodi ya kuchorea tumewazoesha kubandika karatasi na gundi za kona isisogee hata nywele. Kwenye skechi ni kinyume chake, karatasi inatakiwa izunguke. Mkono wa binadamu una upande mmoja tu unaopenda kuvuta mstari, kwa hiyo mstari ukikaa vibaya unazungusha karatasi mpaka uje upande huo. Hili waambie siku ya kwanza, kuna wanafunzi wanafika kidato cha nne wanajipinda shingo kama kuku kumbe wangegeuza tu karatasi.

Penseli ishikwe mbali na ncha, kama sentimita tatu au nne hivi. Ukiishika karibu kabisa na ncha kama unaandika barua, vidole ndo vinachora, na vidole vinafika sentimita mbili tatu afu vinakata kona. Mstari mfupi unatoka kwenye kifundo cha mkono, mstari mrefu unatoka kwenye kiwiko na bega. Kiganja kiteleze juu ya karatasi, kisigande.

Wape dakika kumi za kujaza ukurasa na mistari ya hovyo tu, mlalo, wima, mshazari, kwanza hafifu mpaka huioni vizuri, baadae nzito. Shabaha hapa ni kuzijua nguvu mbili za mkono.

Tahadhari: wenye mkono wa kushoto waache wavute mlalo kutoka kulia kwenda kushoto. Usiwalazimishe kufuata darasa, utawaharibia bure.

Imekubali ukiona: mtoto anaweza kuchora mstari ambao wewe ukisimama hatua mbili huuoni, na wa pili yake ambao unauona kutoka mlangoni, kwa penseli ile ile.

## Hatua ya 2: Mstari ulionyooka kati ya nukta mbili

Weka nukta mbili, umbali wa kama sentimita nane. Weka ncha kwenye nukta ya kwanza, halafu angalia nukta ya pili, sio ncha ya penseli. Pitisha mkono hewani mara mbili bila kugusa karatasi, mara ya tatu gusa na uvute.

Kwa nini macho yaende kwenye nukta ya mwisho? Ni kama kuendesha baiskeli, ukiangalia tairi la mbele unaanguka, ukiangalia unakoenda unanyooka wenyewe. Mtoto anayefuata ncha kwa macho anasahihisha kila milimita na hizo sahihisho ndo mtetemeko wenyewe tunaoulalamikia.

Mstari mrefu zaidi ya hapo uvutwe kwa vipande viwili vitatu, na kati ya kipande na kipande acha kanafasi kadogo sana. Jicho litaunganisha lenyewe. Wakijaribu kuunga kwa kupandisha kipande juu ya kingine inatokea alama nyeusi kama fundo la kamba.

Ugonjwa mkubwa wa hatua hii ni mistari yenye manyoya, yani mtoto anakwangua vimistari vifupi vifupi vingi kupapasa njia, mwisho anapata kitu kama mkia wa mbuzi. Dawa yake ni moja, raba hakuna na kila mstari unaruhusiwa kuvutwa mara moja tu. Ukikosea weka nukta nyingine pembeni uanze. Wiki ya kwanza watalalamika sana, eti mwalimu mchoro utakuwa mchafu, waambie uchafu ni wangu mi ndo nasahihisha.

Imekubali ukiona: kati ya mistari kumi, saba inafika kwenye nukta ya pili bila kupinda kama upinde. Mtetemeko mdogo mdogo upo, na uwepo.

Hapo hapo niseme kuhusu wanaoficha rula chini ya dawati, maana wapo na watakuwepo. Mstari wa rula unajulikana, unene wake ni mmoja mwanzo mwisho, na ukiinua karatasi usawa wa jicho ukaitazama kwa urefu unaona umenyooka kama uzi wa mwashi, hakuna mkono wa kidato cha pili unaofanya hivo. Usimwaibishe mtu, mwambie tu arudie akiwa mbele yako. Mara nyingi anayeficha rula ni yule mzuri wa droingi ya bodi, anaogopa kuonekana amekosea.

## Hatua ya 3: Kupima kwa jicho

Hii ndo hatua walimu wengi wanairuka, na ndo maana wanafunzi wanakwama mbele huko.

Anza na kugawa mstari. Chora mstari wowote, weka alama katikati kwa kukadiria, afu hakiki kwa ukanda wa karatasi, kunja ukanda nusu uone umekosea kiasi gani. Rudia mara kumi. Ukishaweza nusu, robo ni nusu ya nusu. Theluthi ni ngumu kidogo, wafundishe wasogeze nukta mbili kwa pamoja mpaka vipande vitatu vilingane.

Baada ya hapo toa kiberiti. Usitaje sentimita. Uliza, kimo cha hiki kiberiti kinaingia mara ngapi kwenye upana wake? Na kwenye urefu? Wengi watakwambia viwili viwili kwa kubahatisha. Waoneshe namna ya kupima, nyoosha mkono wote mbele, kiwiko kisikunjwe, funga jicho moja, ncha ya penseli iwe mwisho mmoja wa kimo na ukucha wa dole gumba uwe mwisho mwingine. Sasa peleka kipimo hicho hicho kwenye upana uhesabu. Viberiti vingi utapata kitu karibu na moja kwa tatu kwa nne. Kiwiko kikikunjwa kipimo kinabadilika na hesabu yote imeharibika, hilo litatokea mara nyingi kwa hiyo zunguka darasani ukigonga viwiko.

Cha kuwaingia kichwani ni kwamba kila kitu kina upande mmoja ambao unafanya uwe "moja", na pande nyingine zote zinasemwa kwa huo. Mimi huwa nawaambia hiyo ndo rula yenu mpya.

Imekubali ukiona: unamuonesha mwanafunzi tofali au mlango wa darasa, kabla hajashika penseli anakwambia "mwalimu, moja kwa mbili na kidogo".

## Hatua ya 4: Boksi la aisometriki

Sasa rudi kwenye daftari la viboksi. Aisometriki ni mchoro unaoonesha nyuso tatu za kitu kwa pamoja. Mhimili wake, yani mstari wa mwelekeo wa kulia au kushoto, unapanda nyuzi 30 kutoka mlalo, na kwa jicho tupu mtoto atakupa 45 au 15, hakuna katikati. Kuna hesabu ndogo inayotibu hili ugonjwa na sijui kwa nini hatuifundishi kila mahali, saba kwenda, nne kupanda. Ukihesabu viboksi 7 pembeni na 4 juu, mstari unaounganisha ni karibu nyuzi 30 kabisa, tofauti haifiki hata nusu nyuzi. Na utamu wake mwingine ni kwamba urefu wa mstari huo ni viboksi 8 na kachembe, kwa hiyo unalingana na wima wa viboksi 8. Saba, nne, nane. Waimbe.

Mchemraba unakwenda hivi:

1. Weka nukta kona ya chini ya mbele. Panda wima viboksi 8.
2. Kutoka nukta ya chini nenda kulia 7 panda 4, rudi ufanye hivo hivo kushoto.
3. Kutoka nukta ya juu fanya vile vile kulia na kushoto.
4. Funga wima za pembeni, 8 kila moja.
5. Malizia uso wa juu kwa mistari miwili sambamba na ile ya chini yake.

Kuhakiki ni rahisi, kona ya nyuma ya uso wa juu inatakiwa iwe wima juu ya nukta yako ya kwanza, viboksi 16. Ikiangukia pembeni kuna mstari umekosa usambamba, tafuta upi.

Kosa nitakalokutabiria kabisa ni mistari ya nyuma kuanza kukutana, boksi linabana kwa nyuma kama barabara inayoenda mbali. Mtoto anachora anachokiona kwa macho, na kwa kweli macho yake hayamdanganyi, vitu vya mbali vinaonekana vidogo, ila aisometriki haifanyi hivo, mistari sambamba inabaki sambamba. Mpe sababu hiyo, ukimwambia tu "umekosea" atarudia.

Fanyeni mchemraba mara tano sita kwenye viboksi, halafu hamia karatasi nyeupe. Karatasi nyeupe ikiwashinda, wekeni ukurasa wa viboksi chini yake, mistari inaonekana kwa mbali. Tatu nne za namna hiyo, mwisho toa.

Imekubali ukiona: mchemraba kwenye karatasi nyeupe unaonekana mchemraba na sio kabati, na mwanafunzi anaweza kuugeuza ukawa boksi la kiberiti cha juzi kwa kutumia moja kwa tatu kwa nne zake.

## Hatua ya 5: Kukata boksi

Umbo lolote la droingi, hata lile linalowatisha kwenye mtihani, ni boksi lililokatwa vipande. Hapa ndo sabuni inaingia. Kata kipande cha sabuni mbele yao, urefu mara mbili ya kimo, upana sawa na kimo. Halafu kata ngazi, ondoa nusu ya urefu kwa nusu ya kimo. Mtoto ameona kisu kikipita, ameona kilichotoka na kilichobaki, hawezi tena kukuuliza huo mstari umetokea wapi.

Sasa wachore walichoona:

1. Boksi zima kwanza, hafifu. Kimo 8, kushoto 7 na 4, kulia mara mbili yake, 14 na 8.
2. Kwenye wima ya mbele weka alama katikati, kiboksi cha 4.
3. Kutoka kwenye alama hiyo nenda kulia 7 panda 4, simama, panda wima 4. Ukifanya sawa utagusa ukingo wa juu wa boksi katikati kabisa. Ukiukosa, hesabu imekatika njiani.
4. Sasa una nukta tatu, ile alama ya mbele, pale uliposimama, na pale ulipogusa juu. Kutoka kila moja vuta mstari wa kushoto, 7 na 4. Mitatu yote sambamba.
5. Unganisha miisho ya hiyo mitatu, ya kwanza na ya pili kwa mstari wa kulia, ya pili na ya tatu kwa wima.
6. Koleza kinachoonekana tu.

Namba sita ndo pazuri kuliko pote, darasa linanyamaza, ngazi inatokea kwenye karatasi kama picha ya kuosha. Mistari ya boksi la mwanzo isifutwe, ikiwa hafifu inavyotakiwa haisumbui macho, na wewe msahihishaji unaona mtoto alifikiri vipi. Anayefuta anakunyima ushahidi.

Wale wanaoanza kuchora ngazi moja kwa moja bila boksi wakamate mapema. Watafanikiwa kwenye ngazi, watafanikiwa kwenye umbo la L, afu siku wakikutana na mteremko uliokatwa kona wanazama, kwa sababu mstari wa mteremko haufuati mhimili wowote na hauna kipimo chake, unapatikana kwa kuunganisha nukta mbili zilizoko kwenye boksi. Bila boksi hizo nukta hazipo.

Maumbo ya kuendelea nayo, kila moja kata kwenye sabuni kwanza: mfereji katikati, mteremko mmoja, mteremko juu ya ngazi, kona iliyokatwa.

## Hatua ya 6: Mduara, na yule mduara uliolala

Mduara wa kawaida kwanza. Chora mraba hafifu, gawa kila upande nusu, vuta mistari miwili ya kona kwa kona. Mduara utagusa katikati ya kila upande, hizo ni nukta nne. Nyingine nne ziko kwenye mistari ya kona, na hapa watu wanabahatisha sana. Kutoka katikati kwenda kwenye kona gawa mara tatu, nukta yako iko kupita kidogo theluthi ya pili, kwa hesabu ni karibu 0.7 ya njia. Nukta nane hizo ziunge kwa vipande vifupi vya tao, ukigeuza karatasi kila kipande.

Duaradufu ya aisometriki, yani mduara ukionekana umelala, ni mchezo ule ule, badala ya mraba una uso mmoja wa mchemraba uliolala. Katikati za pande, mistari ya kona kwa kona, saba ya kumi, unga. Tofauti ni kwamba pale kwenye kona kali tao linakunja ghafla na kwenye kona pana linapita polepole, na mtoto anataka kuchongoa ile kona kali kama yai au jani la mwembe. Duaradufu haina ncha, mwambie hata sehemu iliyokunja sana bado ni tao.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mtoto akishaweza duaradufu ya uso wa juu, iliyolala mlalo, anaichukua hivo hivo anaibandika kwenye uso wa kulia na wa kushoto. Matundu yote yanalala. Dawa ni fimbo. Toboa sabuni kwa penseli, iache penseli imesimama ndani ya tundu, waulize penseli inaelekea wapi. Upande mfupi wa duaradufu unafuata fimbo. Tundu la juu, fimbo ni wima, kwa hiyo upana mfupi ni wima na mrefu ni mlalo. Tundu la uso wa kulia, fimbo inatoka kwa mbele kulia, sambamba na mhimili wa kushoto, upana mfupi nao unafuata mhimili huo huo. Na ule mfupi ni zaidi kidogo ya nusu ya mrefu, ukiwa mwembamba kama mbegu ya tikiti umekosea, ukikaribia mduara umekosea pia.

Kuhakiki, geuza karatasi juu chini. Ubovu uliokuwa umejificha unaruka wenyewe, kwa sababu jicho lilikuwa limeshaizoea picha.

Imekubali ukiona: mchemraba mmoja wenye matundu kwenye nyuso tatu, na kila tundu linaonekana limeingia ndani, hakuna lililobandikwa kama stika.

Vivuli? Mistari michache sambamba upande mmoja inatosha, au usiweke kabisa. Hili sio somo la sanaa na kuna watoto watatumia nusu saa kupaka giza mchoro wenye uwiano mbovu.

## Hatua ya 7: Mionekano mitatu bila rula

Kutoka kwenye kipande kile kile cha sabuni sasa wachore mbele, juu na upande. Maboksi matatu hafifu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, yakiwa na nafasi sawa katikati. Mwonekano wa mbele na wa juu vinashea urefu, mbele na upande vinashea kimo, juu na upande vinashea upana wa kwenda nyuma. Vuta mistari hafifu ya mkono kutoka boksi hadi boksi kulinganisha.

Mpangilio usiwachanganye, iko ya aina mbili. Fasti engo, mwonekano wa juu unakaa chini ya wa mbele, na unaotazamwa kutoka kushoto unakaa kulia. Thadi engo, wa juu unakaa juu, na wa kulia unakaa kulia. Chagueni mmoja kwa muhula mzima, na alama yake ichorwe pembeni kila mara mpaka iwe mazoea.

Aina za mistari hazibadiliki eti kwa sababu ni skechi. Ukingo unaoonekana mzito, uliofichika vidashi, mstari wa kati mwembamba wa kidashi kirefu na kifupi. Mtoto akiacha mstari wa kati kwenye tundu mrudishie.

## Hatua ya 8: Kitu halisi na vipimo vyake

Anza na bolti, kwa sababu inajipima yenyewe. Kipenyo cha bolti ndo "moja". Nati kutoka kona hadi kona ni karibu mbili, unene wake kama 0.8, kichwa cha bolti kama 0.7. Ukiitazama kwa mbele ukaona nyuso tatu, uso wa kati una upana wa moja na wa pembeni nusu nusu. Mtoto akishajua hivo anachora bolti ya ukubwa wowote akiwa amefumba jicho. Baada ya bolti wape bawaba, kufuli, tii ya bomba.

Vipimo vinaandikwa baada ya mchoro kukamilika, na hapa tu rula inaruhusiwa kutoka kwenye begi, kupima kitu, sio kuchora. Skechi haina skeli, namba ndo zinabeba ukweli na uwiano unabeba umbo. Namba zisikae juu ya mchoro, zitoke nje kwa mistari ya upanuzi, na kila kipimo kiandikwe mara moja tu.

Wewe mwalimu ubaoni nawe chora kwa mkono mtupu. Ukishika ile rula ya mbao ya ubao unawafundisha kwa vitendo kwamba haiwezekani. Simama ukitembea na mstari, bega ndo livute, na ukikosea kosea mbele yao usifute.

## Hatua ya 9: Mtihani wa sabuni

Wagawe wawili wawili. Wa kwanza unampa kipande cha sabuni ulichokikata umbo lake, anakichora aisometriki na mionekano mitatu na vipimo, dakika 30, mwenzake akiwa nje. Unakusanya kile kipande unakificha. Wa pili anaingia, anapewa ile skechi, kisu na boksi la sabuni lisilokatwa. Akate kinachoonekana kwenye karatasi. Kuongea hakuna. Kisu kiwe butu na akatie juu ya ubao, kiganja kisikae mbele ya makali.

Usahihishaji wangu ni alama 10: uwiano 4, umbo na miduara 3, aina za mistari 2, mpangilio wa karatasi 1. Mtetemeko haukati alama.

Lakini kabla hujatoa alama, weka sabuni mbili pembeni kwa pembeni mezani, waite wote wawili waangalie, uwaache wagombane wenyewe. "Hukuandika kina cha mfereji!" "Niliandika, we ndo hukuona mstari wa vidashi!" Mara ya kwanza niliyofanya hivi darasani jozi nyingi hazikufanana hata kidogo na kulikuwa na kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Wiki iliyofuata watoto walikuja wenyewe wanaomba warudie. Vipande vya sabuni vinavyobaki usivitupe, vinaenda kwenye sinki la karakana.